Mvua, Moto na Shoka: Mambo Matatu Yanayotengeneza Pori Letu

Mafundisho kwa watu wa vijiji vilivyo karibu na miji ya migodi ya Katanga

Leo sikuja kwa habari ya mbegu za mahindi, wala ya kupanda mihogo kwa mistari. Leo nasema habari ya pori.

Kila mtu hapa anajua pori. Humo mnatoa kuni, makala, nguzo za nyumba, asali, uyoga, viwavi vya kula, masuku, mapundu na dawa. Lakini ni wachache wanaojiuliza: kwa nini pori hili lina sura hii? Kwa nini hapa miti ni mirefu na vilele vyake karibu vinagusana, na kule, mwendo wa nusu saa tu, ni nyasi tupu na miti mifupi iliyopindika? Mtu asiyetafuta sababu husema: «Ndivyo ilivyo tangu zamani.» Sivyo. Sura ya pori ina sababu zake. Nyingine hazimo mikononi mwetu. Nyingine zimo mikononi mwetu kabisa. Tuzitazame moja moja.

I. Mvua

Katika nchi ya Lubumbashi mvua ya mwaka mzima hufika karibu milimita 1200. Hiyo si mvua kidogo. Lakini haigawanyiki sawasawa. Karibu yote huanguka kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9 mbingu ni kavu. Mti wa huku ni kama mtu anayepewa mshahara wa mwaka mzima kwa miezi mitano tu. Asipojua kuweka akiba, atakufa na njaa.

Mti huweka wapi akiba yake? Huiweka chini, katika mizizi. Tazameni muputu na mutondo. Kiangazi hupukutisha majani. Halafu mwezi wa 9, joto linapopanda na kabla tone la mvua halijaanguka, hutoa majani mapya, mengine mekundu kama udongo wa kichuguu. Nguvu hiyo imetoka wapi, na mvua haijaja? Imetoka katika akiba ya mizizi. Shikeni neno hili, maana tutalirudia.

Miti yetu haifungi jua kama mwitu mzito wa upande wa Kisangani, mahali ambapo mvua haikai mbali miezi mingi. Hapa jua hupita katikati ya majani na kufika chini. Penye jua nyasi huota. Nyasi zikikauka, moto hupata chakula. Kwa hiyo mvua na moto ni ndugu: miezi ya mvua huotesha nyasi, miezi ya ukavu huzitengeneza kuwa kuni za moto.

II. Udongo

Si kila mahali pasipo miti pameharibiwa na mtu. Dembo halina miti kwa sababu masika maji husimama, na mizizi ya miti hukosa hewa. Vilima vya shaba navyo havina miti mingi, kwa sababu udongo wake una shaba nyingi inayodhuru mizizi. Wazee waliofua shaba zamani walijua alama hiyo. Walipoona kilima cha nyasi katikati ya pori, na yale maua madogo yanayopenda shaba, walijua mahali pa kuchimba.

Vichuguu vikubwa navyo hubadili pori. Katika hektari moja mnaweza kuhesabu vitatu mpaka vitano. Udongo wake si sawa na udongo wa chini, na miti inayoota juu yake ni mingine. Pale Mikembo, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, wataalamu walipima miti katika hektari 10 za pori lililolindwa. Wakakuta kwamba hata katika kipande kimoja cha pori, aina za miti hubadilika kwa sababu ya udongo na vichuguu. Ninyi mnaofinyanga matofali kwa udongo wa kichuguu, na ninyi mnaopanda mahindi kando yake, mnajua tayari kwamba udongo huo ni wa namna yake.

Kuna na mahali palipoharibiwa na moshi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 moshi wa tanuru kubwa ulitoka pale, na upepo wa kiangazi, unaotoka kusini-mashariki, uliupeleka upande wa Penga Penga. Miti ikafa, mvua ikachukua udongo, ardhi ikabaki uchi. Penye sumu ya namna hiyo, kuzuia moto peke yake hakutoshi.

III. Moto

Hapa sasa ndipo penye maneno yetu makubwa.

Watu wengi husema moto ni moto. Hapana. Moto wa mwezi wa 5 na moto wa mwezi wa 9 ni vitu viwili mbalimbali.

Mwezi wa 5 nyasi zina unyevu bado. Moto hutembea polepole, miali yake ni mifupi, usiku umande huuzima. Mti mkubwa haudhuriki sana. Lakini mwezi wa 9 na wa 10 nyasi zimekauka kabisa, upepo unavuma, jua ni kali. Moto hupanda juu kama nyumba. Na wakati uleule muputu umetoa majani mapya kwa akiba yake ya mizizi. Moto huyachoma. Mti umekwisha kutumia akiba, na sasa umepoteza kilichonunuliwa kwa akiba ile. Mwaka mmoja unaweza kuvumilia. Ukifanywa hivyo kila mwaka, unachoka, unakauka kwa juu, kisha unakufa.

Maneno haya si ya kubahatisha. Yalijaribiwa Ndola, ng'ambo ya Sakania, katika nchi ya Zambia, iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini wakati ule. Tangu mwaka 1933 pori la namna moja na letu liligawanywa vipande. Kipande kimoja kilikingwa na moto kabisa. Kingine kilichomwa kila mwaka mapema, mwanzo wa kiangazi. Kingine kilichomwa kila mwaka kwa kuchelewa, mwisho wa kiangazi. Miaka ikapita mingi. Wakaja kutazama.

Penye moto wa kuchelewa, miti mikubwa ilikuwa imekwisha kufa mingi, na nyasi zimeshika nchi. Penye moto wa mapema, pori lilibaki pori, na miti michanga iliweza kupanda. Na pale pasipo moto, pori lilifungamana: mimea isiyopukutisha majani na mitambaa iliingia, nyasi zikapungua. Mvua ilikuwa moja, udongo ulikuwa mmoja, na sura za pori zikawa tatu. Kilichozitenganisha ni moto peke yake.

Sasa mtaelewa habari ya muhulu. Wazee wanaujua: ule mwitu mdogo mzito, mbichi mwaka mzima, ambao chini yake nyasi haziko. Wataalamu wengi husema zamani sana muhulu ulifunika sehemu kubwa ya nchi hii, na moto pamoja na mashamba ya watu ndivyo vilivyoupunguza mpaka vikabaki vipande. Kipande cha muhulu kilicho karibu na kijiji chenu ni ushuhuda. Msikiguse kwa moto.

IV. Shoka na jembe

Mababu waliishi katika pori hili na hawakulimaliza. Walifanyaje? Katika chitemene ya Walamba na ya Wabemba, matawi hukatwa mahali papana, hukusanywa mahali padogo, huchomwa, na mbegu hupandwa katika majivu. Miti mingi huachwa na shina lake, nalo huchipuka. Kisha watu huhama, na pori hupumzika miaka ishirini au zaidi. Chitemene ilikula pori nyingi, lakini iliacha mizizi hai na iliacha muda.

Reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910, mambo yalibadilika. Mji ulitaka mbao, kuni na makala. Leo hata aliye na waya wa umeme nyumbani hununua makala, kwa sababu umeme hukatika. Lori huja mpaka hapa. Kijana anahesabu magunia, anapata franka, analipa shule ya watoto. Simlaumu. Lakini tufanye hesabu pamoja. Kilo 100 za mti katika tanuru la udongo hutoa makala kilo 10 mpaka 20 tu. Tanuru lililofunikwa vibaya hutoa kidogo, nyingine yote imekwenda na moshi. Na miti ya pori letu haikui kama muhogo: shina huongeza unene wa milimita chache tu kwa mwaka.

Msikie sasa neno kubwa la leo. Pori lililokatwa si pori lililokufa. Miti yetu mingi, ukiikata, kisiki huchipuka. Hata mche mdogo una siri. Mche wa muputu ukiota hutupa nguvu zake chini kwanza. Juu mnaona kijiti cha kimo cha kiganja. Moto unakila. Masika kinachipuka tena. Moto unakila tena. Hivyo miaka mingi, na kila mwaka mzizi unanenepa. Siku ukipata miaka michache bila moto mkali, kijiti kinapanda na kupita kimo cha miali. Basi mahali mnapoona nyasi na visiki tu, chini kuna pori zima linalongoja.

Ni nini kinachoua pori hilo la chini? Ni mambo matatu. La kwanza, moto wa kuchelewa kila mwaka juu ya machipukizi. La pili, kung'oa visiki na kulima palepale miaka mingi bila kupumzisha. La tatu, kurudia kukata kabla machipukizi hayajakua. Hapo mizizi humaliza akiba, na nyasi hushika nchi.

Na mizizi ikifa, si kuni tu zinazopotea. Uyoga mwingi mnaouokota masika huishi pamoja na mizizi ya muputu na mutondo: nyuzi zake hushikamana nayo, huilisha na kulishwa. Viwavi mnavyokausha na kuuza hula majani ya miti hiyohiyo. Akina mama, ninyi mtaona hasara kwanza, katika kikapu.

V. Mambo ya kufanya

1. Penye lazima ya kuchoma, choma mapema, mwezi wa 5 au mwanzo wa mwezi wa 6, jioni, upepo ukiwa umetulia. Watu wengi wawepo, na matawi mabichi mikononi.

2. Mwezi wa 8, wa 9 na wa 10 moto usiingie porini. Wawindaji, wenye kutafuta panya na wenye kurina asali waambiwe neno hili na wazee mbele ya wote.

3. Mahali palipokatwa makala, lindeni machipukizi na moto miaka mitatu au minne ya kwanza. Fyekeni njia pana kuzunguka.

4. Using'oe kisiki kama huna haja ya kulima hapo. Kata kwa shoka kali, gamba lisipasuke. Machipukizi yakiwa mengi juu ya kisiki kimoja, acha mawili au matatu yenye nguvu.

5. Tanuru jipya lijengwe juu ya mahali pa tanuru la zamani. Mahali pa tanuru huungua mpaka ndani, na miti hukawia kurudi. Lifunikeni vizuri, lichungwe usiku na mchana.

6. Acheni miti ya mbegu na ya matunda: mupundu, musuku, na mulombwa mkubwa. Mti mmoja mkubwa hutupa mbegu miaka mingi.

Mvua hatuwezi kuiamuru. Joto la dunia linapanda, na kijiji kimoja hakiwezi kulizuia. Lakini mwezi wa kuwasha moto tunauchagua sisi wenyewe, na kisiki cha kuacha tunakichagua sisi wenyewe.

Basi naomba jambo moja la kuanzia. Kabla ya mwisho wa mwezi wa 5, chifu na wazee wachague kipande kimoja kilichokatwa, kisicho mbali na kijiji. Kifyekewe njia ya hatua kumi pande zote, na nyasi za nje ya njia zichomwe mapema. Kando yake kipande kingine kiachwe kama kawaida. Halafu mwezi wa 11 wa kila mwaka tupeleke watoto wa shule wahesabu machipukizi huku na huku. Baada ya masika matatu hamtahitaji maneno ya monitere. Mtakuwa na hesabu yenu wenyewe.