Mwili Unaweza Kuwa Waya: Kwa Nini Tunaomba Maabara
(Hotuba ya vijana wa tawi la mjini katika harambee ya mwaka)



Sisi ni vijana wenu tunaofanya kazi za elektroniki mjini. Kamati imetuomba tuseme machache kabla ya kuchanga. Tutaanza na kupeana mikono.

Mwaka 1996, mtafiti Thomas Zimmerman wa Marekani alieleza kifaa kidogo cha kubeba mwilini. Watu wawili wenye vifaa hivyo wakishikana mikono, jina na namba za mmoja hupita mwilini na kuingia kwenye kifaa cha mwenzake. Hakuna waya kati yao. Mwili una maji yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Umeme wenyewe ni mdogo mno, mtu hausikii.

Anayefaidika zaidi ni mgonjwa. Siku hizi kihisi cha mapigo ya moyo hubandikwa kifuani, kikapeleka vipimo kwenye simu kwa redio ya Bluetooth. Simu iko mfukoni, lakini redio hutangaza mita kadhaa pande zote, sawa na mtu anayepaza sauti uwanja mzima usikie, kumbe anayemwambia amekaa kando yake. Kelele hizo humaliza betri. Saketi zinazopitisha ujumbe mwilini hunong'ona tu. Redio hula miliwati. Saketi hizi zimeshushwa hadi maikrowati, yaani sehemu za elfu za miliwati. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha pia kwamba ujumbe wa mwilini haunaswi zaidi ya sentimita 15 hivi kutoka kwa mtu, ilhali wa redio hunaswa hata mita 5. Siri ya mgonjwa inabaki yake.

Ndugu zetu, hatuombi fedha za kununua vifaa hivyo. Vingi bado viko mikononi mwa watafiti. Tunasimama hapa kwa sababu tulisoma sekondari yetu hii, na saketi tuliyoijua ni ile ya kuchorwa ubaoni. Ammita tuliishika mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo, tena ya kuazima, mikono ikitetemeka. Wenzetu waliotuzidi akili waliiachia fizikia hapo. Wadogo zetu wanasoma hivyo hivyo hadi leo.

Chumba cha maabara mmekwisha kukijenga kwa michango yenu. Kimebaki kitupu. Tawi letu litanunua meza zote, na kila likizo wawili wetu watakuja kufundisha. Tunawaomba ninyi mkamilishe betri, nyaya, ammita na voltimita.

Mwili wa mtoto wa hapa kwetu una maji na chumvi ile ile iliyomo mwilini mwa mtafiti wa Marekani. Mtoto wetu amekosa chombo cha kupimia. Tumnunulie.

Bahasha zinapita.