Shahidi Anayevurugika Mbele ya Barza

Leo tutazungumza juu ya jeraha lisiloonekana kwa macho, ambalo hata hivyo linaingia mara nyingi katika mambo mnayohukumu.

Mnayajua haya. Mama anarudi kijijini, anakuta shamba lake limelimwa na mwingine. Analeta shauri. Anaulizwa: mlikimbia siku gani? Nani aliona mpaka? Anaanza vizuri, kisha anachanganya. Jana alisema walitoka usiku, leo anasema asubuhi. Akifika pale mume wake alipouawa, ananyamaza, au anatetemeka, au anapiga kelele. Wazee wanatazamana. Mmoja anasema: huyu anadanganya. Na kwa kuwa mashamba yetu mengi hayana hati, neno la shahidi ndilo hati. Shamba limekwenda.

Sisi tuliosoma sheria tulifundishwa kumtilia mashaka shahidi anayebadilisha maneno. Kwa kesi ya mbuzi aliyeibwa, kanuni hiyo inafaa. Kwa mtu aliyepita katika vita haitoshi.

Mtu akikutana na kifo, mwili wote hujiandaa kukimbia au kupigana. Katika saa hiyo akili haipangi mambo kama siku nyingine. Inashika vipande: harufu ya moshi, mlio wa risasi, buti za askari. Tarehe na mfuatano vinaweza kupotea. Kwa watu wengi mambo hutulia pole pole. Kwa wengine hayatulii. Kama mwezi umepita na mtu bado anaota ndoto zile zile, anaona tukio likirudi mchana, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtuka mlango ukigongwa, na hasira inamjia ghafla hata anashindwa kuendesha maisha yake, waganga wa hospitali wanahesabu kwamba ni ugonjwa. Si uchawi, si laana, wala si woga. Wako wanaokunywa kasiksi ili wapate usingizi, na kesho yake wanapiga watoto.

Je, ni wachache? Mwezi wa Machi 2010 watafiti waliuliza watu wazima 998 katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Nusu yao walikuwa na dalili za ugonjwa huu. Wazee wa barza, hesabuni wenyewe watu walioketi mbele yenu.

Wala msiseme wamezoea. Vita ya 1993 ilianzia soko la Ntoto, huko Walikale, ikafika Masisi. Ikafuata ile ya 1996, na nyingine nyuma yake. Mwaka 2010, huko Luvungi na vijiji jirani, zaidi ya watu 300 walibakwa kwa siku chache. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-kati na Walikale-kati. Utafiti umeonyesha kwamba kadiri mtu alivyopita katika mambo mengi ya kutisha, ndivyo hatari ya kuugua inavyozidi. Mzigo wa pili unawekwa juu ya ule wa kwanza. Na yule aliyelima shamba la mama huyu? Mara nyingi naye alikimbia kutoka kilima kingine. Hakuna jamii kwetu ambayo haijazika.

Ugonjwa huu unatibika. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi walifundishwa kutibu wakimbizi wenzao, Wanyarwanda na Wasomali. Njia moja ilikuwa hii: mgonjwa anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mambo mazuri na mabaya, na msikilizaji anayaandika na kumsomea tena, mpaka vile vipande vinapata mfuatano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya miezi tisa, watu 7 kati ya 10 waliotibiwa kwa njia hiyo hawakuwa tena na ugonjwa. Hapa Kivu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, akina mama waliopatwa na ubakaji au kuushuhudia walikutana katika vikundi na wasaidizi wenyeji waliofundishwa. Mwanzoni 7 kati ya 10 walikuwa na huzuni au wasiwasi mkubwa. Miezi sita baada ya kumaliza, hawakufika hata 1 kati ya 10.

Lakini angalieni: kazi hiyo inafanywa pole pole, kwa siri, na mtu aliyefundishwa. Barza si mahali pake. Kumlazimisha mama asimulie kifo mbele ya kijiji kizima ni kulichimba jeraha. Na barza haihitaji kifo kile, inahitaji mpaka. Muulizeni alipakana na nani, alipanda miti gani, nani alimsaidia kuvuna. Waiteni majirani wa zamani, wa pande zote mbili. Akichanganya saa na siku lakini mpaka anautaja vile vile kila mara, pimeni hilo kwanza. Sisemi kila anayelia anasema kweli. Wako wanaojua kulia. Ndiyo maana mnatembea shambani wenyewe.

Ninyi wa familia, msimwambie mgonjwa “sahau”. Mwacheni alime pamoja na wengine, msimwache peke yake. Akianza kusema anataka kufa, msingoje: mpelekeni kituo cha afya. Huko Goma kituo cha Tulizo Letu kinajulikana kwa kutunza wagonjwa wa akili, lakini barabara ikifungwa anzeni na mwuguzi aliye karibu.

Na wewe shefu, mama yule akinyamaza tena katikati ya maneno, mpe maji, aketi karibu na dada yake. Mwite shahidi mwingine. Mwandishi aandike katika daftari siku ambayo mama atasikilizwa tena, na shamba lisigawanywe kabla ya siku hiyo.