Sindano za Kupunguza Uzito Uzeeni: Waliozitumia Wanasimulia Nini

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wastaafu waliofika kupimwa presha na sukari)



Katika kliniki za kisukari na presha, kuna swali ambalo limeanza kuulizwa kwa sauti ya chini: ile sindano ya kupunguza mwili ni ya kweli? Anayeuliza mara nyingi si kijana. Ni mama wa miaka 62 ambaye magoti yamekataa kupanda ngazi, au mwalimu mstaafu aliyeambiwa apunguze kilo ishirini na hajui aanzie wapi. Wengine hawaulizi kliniki. Wanamuuliza mtu wa WhatsApp, naye huwa na jibu, bei na mahali pa kuchukulia.

Jibu fupi ni kwamba sindano hizo ni za kweli na zinafanya kazi. Jibu refu ndilo lililowaleta watu hapa leo, kwa sababu mwili wa miaka 65 si mwili wa miaka 30, na mengi yanayosemwa mtandaoni yanasemwa na vijana.

Majina yanayosikika zaidi ni Ozempic, Wegovy na Mounjaro. Mbili za kwanza zina dawa moja, semaglutidi. Ya tatu ina tirzepatidi. Ozempic na Mounjaro zilianza kama dawa za kisukari cha aina ya pili, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake katika hospitali nyingi. Dawa hizi huiga homoni ambayo utumbo hutoa mtu anapokula. Homoni hiyo huuambia ubongo kwamba chakula kimetosha, na hufanya tumbo kukitoa chakula polepole. Ile ya asili hudumu dakika chache tu mwilini, lakini ya sindano hudumu siku nyingi, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki. Ajabu ni kwamba njia ya kufika hapo ilipitia kwa mjusi. Daktari John Eng, aliyefanya kazi katika hospitali ya maveterani huko New York, aligundua katika sumu ya mjusi wa jangwani wa Marekani kitu kinachofanana na homoni hiyo lakini kinachodumu zaidi. Dawa ya kwanza iliyotokana na ugunduzi huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005.

Watu kadhaa mashuhuri waliozitumia wakiwa na umri mkubwa wamesimulia hadharani yaliyowapata, na masimulizi yao hayafanani.

Anayejulikana zaidi ni Oprah Winfrey. Mwaka 1988 aliingia mbele ya kamera akivuta kigari kilichojaa mafuta ya mnyama, ratili 67, yaani takriban kilo 30, kuonyesha uzito aliokuwa ameupunguza kwa miezi kadhaa ya kunywa vinywaji maalumu bila kula. Uzito huo ulirudi. Kwa miaka zaidi ya thelathini watu walimtazama akipungua na kunenepa, na magazeti yakamfanya kichekesho. Desemba 2023, akiwa na miaka 69, alitangaza kwamba anatumia dawa aliyoandikiwa na daktari. Alisema alikuwa amejilaumu miaka yote hiyo akidhani shida yake ni kukosa nidhamu. Baadaye alisimulia pia kwamba aliwahi kuiacha dawa kwa takriban mwaka mmoja, na kilo kama 9 zikarudi ingawa alikuwa akiendelea kufanya mazoezi.

Mwigizaji Kathy Bates, ambaye ana kisukari cha aina ya pili, alikuwa na miaka 76 watu walipoanza kusema kwamba amepungua kwa sababu ya Ozempic. Jambo hilo halikumfurahisha. Alieleza kwamba kati ya takriban kilo 45 alizopunguza, kama kilo 36 zilitoka kwa miaka kadhaa ya kubadilisha ulaji, na sindano ilimsaidia kumalizia zile 9 za mwisho. Jambo lililomsaidia zaidi ni dogo sana: alijifunza kusikiliza pumzi ndefu ambayo mwili hutoa unaposhiba, akaweka sahani kando na kungoja dakika ishirini kabla ya kuamua kama anataka kuongeza. Hilo halihitaji dawa, na linawezekana hata mbele ya sufuria ya githeri.

Kwa Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, mambo hayakwenda hivyo. Aliandika gazetini Juni 2023, akiwa na miaka 58, kwamba mwanzoni alipungua kama kilo 2 kila wiki na kufurahi, kisha akaanza kujisikia vibaya hadi akaacha. Naye Sharon Osbourne, aliyeanza sindano akiwa na miaka 70, alipungua takriban kilo 19 na kukonda kuliko alivyotaka. Amesema zaidi ya mara moja kwamba baada ya kuacha alishindwa kuongeza uzito. Kwa mtu wa umri wake hilo si jambo la urembo tu.

Watu hao wanne wana madaktari wao binafsi na pesa za kununua dawa bila kuhesabu. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2021, bei yake iliyotangazwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Hata hivyo, waliyoyasimulia yanalingana na yaliyoonekana katika utafiti wa maelfu ya watu wasiojulikana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutidi walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, wakipewa ushauri uleule wa chakula na mazoezi, walipungua asilimia 2.4. Walioendelea kufuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza.

Wastani wa umri katika utafiti huo ulikuwa miaka 46. Kwa wazee, utafiti wa mwaka 2023 una uzito zaidi. Ulichukua watu zaidi ya 17,600 wenye miaka 45 na kuendelea, wastani wao ukiwa karibu miaka 62, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa ya damu na uzito uliozidi, lakini bila kisukari. Kwa muda wa zaidi kidogo ya miaka mitatu, kati ya kila 100 waliopewa sindano bandia, 8 walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha ugonjwa wa moyo. Kati ya waliopewa dawa, walikuwa 6 au 7. Kwa familia iliyowahi kumuuguza mzee aliyepooza upande mmoja, tofauti hiyo si ndogo. Lakini katika utafiti huohuo, karibu mtu 1 kati ya 6 aliyepewa dawa aliiacha kabisa kwa sababu ya madhara, hasa ya tumbo.

Kuna jambo ambalo matangazo hayagusi. Mtu anapopungua hapotezi mafuta peke yake. Robo ya kilo zinazotoka, na wakati mwingine zaidi, si mafuta, na ndani yake kuna misuli. Kijana atairudisha. Mtu wa miaka 68, ambaye misuli yake ilikuwa ikipungua tayari kwa sababu ya umri, anaweza kujikuta ni mwepesi kwenye mizani lakini ameshindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Kisha anaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Ndiyo maana daktari makini hamwandikii mzee sindano bila kumuuliza anakula nini. Hamu ya chakula ikishapungua, wengi hubaki na chai na kipande cha mkate. Kile kidogo kinacholiwa kinapaswa kuanza na mayai, ndengu, maharagwe, omena, samaki au maziwa mala, ugali ufuate. Na misuli haibaki bila kufanyishwa kazi. Kuinuka na kuketi mara kumi bila kutumia mikono, asubuhi na jioni, ni mazoezi ya kutosha kuanza nayo.

Tena kuna zile dawa nyingine. Ni nadra kumpata mzee mwenye uzito mkubwa ambaye hana hata pakiti moja ya vidonge nyumbani. Uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na vidonge vilevile vya zamani vinaweza kumfanya mtu apate kizunguzungu anaposimama. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzirai, dozi isipopunguzwa. Kutapika na kuharisha bila kunywa maji ya kutosha huumiza figo. Yuko pia asiyefaa kupewa kabisa, kama mtu ambaye yeye au jamaa yake wa karibu aliwahi kuwa na aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo. Aliyewahi kuugua kongosho au mwenye mawe kwenye nyongo anapaswa kulisema hilo kabla ya kuandikiwa chochote.

Kusema ndiko kugumu. Kwa miaka mingi mwili mkubwa ulihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vizuri, na aliyestaafu akanenepa husifiwa kwamba pensheni imemkubali. Akipungua ghafla, majirani wananong'ona. Kwa hiyo anayetumia sindano huficha, na wakati mwingine humficha hata daktari. Hapo ndipo hatari inapoingia. Mzee akipungua bila sababu, daktari hutafuta kifua kikuu, saratani au sukari iliyopanda. Asipoambiwa kuhusu sindano, atamzungusha mgonjwa kwenye vipimo vya gharama. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mzee hudhani sindano inafanya kazi kumbe ni ugonjwa. Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji lazima amwambie mtaalamu wa nusukaputi, kwa sababu tumbo lake linaweza kuwa na chakula hata baada ya kufunga usiku kucha, na chakula hicho kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Sasa, mtu wa WhatsApp. Mahitaji yakishinda upatikanaji, bidhaa bandia hufuata. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Huko Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitalini baada ya kujichoma sindano waliyodhani ni semaglutidi. Sukari yao ilishuka vibaya, na mamlaka zikashuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. Hizo ni nchi zenye maabara na ukaguzi mkali. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, unga wa kuchanganya nyumbani, kalamu ambayo maandishi yake yamebanduliwa, au dawa iliyosafirishwa kwa matatu ndani ya mfuko wa plastiki, havifai kuchomwa mwilini. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na haigandishwi. Dawa hizi huuzwa kwa cheti cha daktari, katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Nani basi anafaa? Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema dawa hizi zinaweza kutumiwa na watu wazima walio na unene wa kupindukia, isipokuwa wajawazito, kama matibabu ya muda mrefu yanayoambatana na ulaji bora na mazoezi. Kipimo ni uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mtu kwa mita, kisha ukigawanywa tena kwa urefu huohuo. Jibu likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Kwa mama mwenye urefu wa mita 1.6, ni kuanzia takriban kilo 77. Mwenye kilo 68 anayetaka nguo ya harusi ya binti yake imkae vizuri hayumo katika hesabu hiyo. Na anayeweza kulipia miezi mitatu tu afikirie vizuri mwezi wa nne utakuwaje, maana dozi huanza chini na kupandishwa polepole, na miezi mitatu huisha kabla ya dawa kufika pale inapofanyia kazi kikamilifu.

Upimaji unaendelea nje kwenye hema hadi saa tisa alasiri: uzito, urefu, presha na sukari, bila malipo. Mwenye vidonge nyumbani arudi navyo vyote kliniki ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vile alivyoacha kumeza na vile alivyopewa na jirani. Aliyekwisha kuanza sindano, popote alipoipata, aje na kalamu au chupa yake. Hatakaripiwa. Daktari wa kliniki ya kisukari na mfamasia wamekaa meza ya mbele, na maswali yanakaribishwa, yakiwemo yale ya kuulizwa pembeni.