Mgonjwa Mmoja Asituzalie Wawili

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kiandutu, Thika)

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuzungumza juu ya safari ile ambayo hakuna anayeipangia siku: safari ya kumkimbiza mgonjwa hospitali.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja alishikwa na uchungu usiku. Jirani yake alikuwa na pikapu, na ni mtu mwema, hakukataa. Akawasha gari, akampakia mama na wanawake wawili, akaondoka mbio. Ilikuwa alfajiri, giza bado lipo. Karibu na steji kulikuwa na mzee anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, kama alivyofanya kila siku. Dereva alipomwona, breki hazikumsaidia tena.

Mama alijifungua salama. Yule mzee alikatwa mguu. Tuliwatembelea wote wawili siku moja, hospitali ile ile. Kwa mama tulipeleka nguo za mtoto, tukacheka naye. Kwa mzee tulikosa la kusema. Alituuliza swali moja tu: "Sasa watoto wangu watakula nini?"

Baadaye tuliketi na kikundi cha mtaa huo tukafanya hesabu. Tuliuliza: dakika zilipotelea wapi? Jibu lilitushangaza. Uchungu ulianza saa nne usiku. Watu walingoja wakisema bado, bado. Ilipofika saa kumi na nusu ndipo walianza kumtafuta mwenye gari. Gari halikuwa na mafuta, na pesa za mafuta zilitafutwa nyumba tatu. Kisha dereva hakujua ni mlango upi, akazunguka. Saa nzima karibu iliisha hivyo. Dakika zilipotelea nyumbani, na dereva akajaribu kuzirudisha barabarani.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Hebu tufanye hesabu nyingine. Tuseme hospitali iko kilomita 3. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, utafika kwa dakika 4 na nusu. Ukienda kwa 80, ukipata barabara wazi kabisa, utafika kwa dakika 2 na robo. Kwa hivyo mbio zote hizo zimekuokolea dakika 2 na kidogo. Na ni nani kati yetu amewahi kupata barabara wazi kabisa hapa Thika? Kuna matatu zinapakia, kuna matuta, kuna watoto, kuna ng'ombe wa mtu.

Sasa angalia upande wa pili. Kwa mwendo wa 40, gari linapita mita 11 kila sekunde. Kwa 80 linapita mita 22. Kabla mguu wako haujafika kwenye breki, umeshapita nyumba kadhaa. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, gari linahitaji nafasi mara nne ili breki ilisimamishe. Si mara mbili, ni mara nne. Barabara ikiwa na matope au tairi zikiwa zimeisha, usiulize.

Hata safari ndefu ni vivyo hivyo. Mgonjwa akihamishwa kutoka Thika Level 5 kwenda Hospitali ya Kenyatta, ni kama kilomita 45. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, ikiwa na njia nyingi na madaraja ya watu kuvukia, wengi wanaiona kama uwanja wa mashindano. Lakini watu bado wanavuka chini ya daraja, mchana na usiku. Na mgonjwa aliyevunjika mgongo, au mwenye dripu mkononi, hasaidiwi na gari linalorukaruka na kufunga breki za ghafla. Anaumizwa.

Tueleweke vizuri. Hatusemi polepole ndio mwendo. Mama anayetokwa damu hangoji methali. Tunasema haraka ianzie mahali ambapo haiui mtu.

Kuhusu sheria, wengine hufikiri king'ora kinafuta kila kitu. Sivyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu gari la zimamoto, la wagonjwa na la polisi kupita kiwango cha mwendo pale ambapo kukifuata kungezuia kazi ya dharura. Haimwambii dereva afumbe macho. Wajibu wa kuwa mwangalifu unabaki pale pale. Na pikapu ya jirani, teksi au bodaboda iliyobeba mgonjwa si ambulensi, hata mkiwasha taa zote na kupeperusha kitambaa dirishani. Kitambaa ni ombi kwa wenzako wakupishe. Hakikupi haki ya barabara.

Na king'ora chenyewe kina udhaifu wake. Dereva wa matatu aliyefungulia muziki hakisikii. Asiyesikia kabisa, yaani kiziwi, hakisikii. Magari mawili ya dharura yakikutana kwenye makutano, kila dereva anasikia king'ora chake tu. Kwa hivyo dereva mzuri wa ambulensi akifika kwenye taa nyekundu au makutano, hupunguza mwendo, ikibidi husimama, huangalia kulia na kushoto, na hupita baada ya kuona kwamba wengine wamemwona. Kusikia hakutoshi, ni lazima waone, nawe uone kwamba wameona.

Sasa, tufanye nini sisi wa vikundi? Tumeyagawa mambo haya manne.

Kwanza, nyumbani. Kila kikundi kiwe na orodha ya magari na madereva watatu au wanne waliokubali kuitwa usiku, na namba zao za simu zibandikwe mahali watu wanapoona. Tengeni pesa kidogo za mafuta, zikae kwa mweka hazina, zisikopeshwe. Mama mjamzito aandike mapema ni gari lipi litambeba na nani atamsindikiza. Msingoje mpaka hali iharibike: damu, kifafa, au uchungu wa siku nzima si mambo ya kusema bado. Kiandutu nyumba zetu zimesongamana na vijia ni vyembamba, kwa hivyo kijana mmoja mwenye tochi asimame barabarani kumwongoza dereva, na wengine wamtoe mgonjwa kwa machela mpaka gari lilipo. Hapo ndipo mtaokoa dakika 20, bila kumgonga mtu.

Pili, dereva. Asiwe amekunywa. Asiwe ametoka kuendesha matatu tangu saa kumi alfajiri mpaka usiku, kisha mumwamshe tena. Usingizi unaua kama pombe. Asishike simu, mtu mwingine ndiye apige hospitalini kueleza kwamba mgonjwa yuko njiani. Gari likaguliwe kila Jumamosi: breki, tairi, taa, mafuta. Na tunamwomba dereva jambo gumu: asigeuke nyuma kila mgonjwa anapolia. Tunajua ni vigumu, hasa akiwa ni mtu wako. Ndiyo sababu, ikiwezekana, baba wa mtoto asiendeshe. Moyo wake hauko barabarani.

Tatu, walio ndani ya gari. Mnakumbuka sheria za Michuki za mwaka 2004, zilizoleta mishipi katika matatu. Wengi tuliifunga kwa kuogopa polisi. Ndani ya gari la mgonjwa, tufunge kwa kuogopa kifo. Anayemhudumia mgonjwa huko nyuma, akiwa amesimama bila mshipi, ndiye hurushwa kwanza. Msipande watu kumi. Msindikizaji mmoja au wawili wanatosha, wengine wafuate baadaye kwa matatu. Mama mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Na wasindikizaji wasimpigie dereva kelele "kanyaga, kanyaga!" Siku ile ya mkokoteni, kelele hizo zilikuwapo. Waliopiga kelele walitueleza wenyewe, wakilia.

Nne, sisi tulio barabarani. Ukisikia king'ora, sogea kushoto taratibu, simama, mpishe. Usifunge breki katikati ya barabara kwa hofu. Na ninyi wenye matatu, mtuwie radhi: tabia ile ya kuingia nyuma ya ambulensi na kuifuata ili kukwepa msongamano ni hatari kubwa. Wale waliokwisha kupisha ambulensi wanarudi barabarani, hawakutarajii wewe. Unaiba njia ya mgonjwa.

Jambo la mwisho. Madereva wengine hukimbia kwa sababu wanahofu watafukuzwa hospitali ya kwanza kwa kukosa pesa, na watalazimika kutafuta nyingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ijueni haki hiyo, mwitaje kwa heshima mlangoni, mwende kituo cha karibu kinachoweza kusaidia.

Yule mzee wa mkokoteni alirudi mtaani kwa magongo. Kikundi kilimnunulia meza, akaanza kuuza sukuma wiki na nyanya. Dereva wa pikapu alikuwa akipita kila jioni kununua, hata siku ambazo kwake kulikuwa na mboga. Hawakuongea mengi. Lakini dereva huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake kwenye orodha ya madereva wa usiku, na ndiye aliyeomba iandikwe juu ya orodha ile: "Tutafika."

Tunawaachia hayo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Mara ya mwisho tulipompeleka mgonjwa hospitali, dakika zilipotelea wapi?
2. Ni madereva gani mtaani kwetu tunaoweza kuwaomba, na magari yao yako katika hali gani?
3. Nani atashika pesa za mafuta, na atazitoaje saa nane usiku?
4. Ni sehemu gani ya njia yetu ya kwenda hospitali iliyo na hatari zaidi, na tutawaambiaje madereva?
5. Mtu akiumizwa na gari lililobeba mgonjwa wetu, kikundi kitafanya nini kwa ajili yake na jamaa yake?