Pishi Mbili Katika Nyumba Moja

Somo: Kumbukumbu la Torati 25:13-16

  

Leo tunataka kuzungumza juu ya majira ya furaha. Kila nyumba inayo majira yake. Kwetu sisi, mume na mke tulioanza maisha yetu Ruiru, majira hayo yalikuwa miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba. Shule zilifungwa, sikukuu zikafuatana, na kahawa ikaiva. Mwenye kuijua nchi ya Ruiru na Thika anajua tunayosema. Mvua za vuli zikishanyesha, matunda ya kahawa hugeuka kutoka kijani na kuwa mekundu, na hayangoji mtu. Yakiachwa hukauka mtini au huanguka chini. Kwa hiyo mashamba makubwa huita vibarua wengi kwa wakati mmoja, na hata mtu asiye na kazi mwaka mzima hupata kazi majuma hayo.

Siku hizi ukipita kwa barabara kuu ya Thika, ile iliyopanuliwa na kumalizika mwaka wa 2012, utaona majumba mengi mahali palipokuwa na mibuni. Lakini kahawa haijasahaulika huko. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka wa 1985, imelichukua jina la mji wetu mpaka mbali.

Basi tunawarudisha nyuma mpaka mwaka wa 1977. Wakati huo kahawa ilikuwa ikitajwa katika kila kinywa. Mwezi wa Julai mwaka wa 1975 baridi kali iliua mibuni mingi sana katika nchi ya Brazil, na kahawa ikawa haba duniani. Bei ikapanda, na watu wa kwetu wenye mashamba wakaona fedha ambazo hawakuwahi kuziona. Sisi hatukuwa na shamba. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, tukiwa na kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa amemaliza darasa la pili, na mtoto mchanga. Kazi ya ujenzi ilikuwa imekwisha tangu Septemba. Kwa hiyo tuliiona kahawa ile kama mana.

Tuliamka kabla ya mapambazuko. Mtoto alibebwa mgongoni, kikapu kikafungwa kiunoni. Kijana wetu alifuatana nasi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia, akimlinda mdogo wake kivulini. Jioni kila mtu alimwaga kahawa yake juu ya gunia, akatoa majani na matunda mabichi, kisha akapeleka nyekundu tupu ipimwe. Kipimo kilikuwa debe. Karani alisimama na daftari lake, akaandika hesabu katika kadi ya kila mchumaji, na Jumamosi tukalipwa kwa kadi hiyo.

Hapo palikuwa na manung'uniko. Debe lilipojaa mpaka ukingoni, nyapara alisema, "Ongeza." Ukaongeza mpaka likafanya kichuguu. Kichuguu hicho hakikuandikwa mahali popote. Usiku, tulipokuwa tukinywa uji, tulihesabu vichuguu vya juma zima tukasema, "Hawa watu hawamwogopi Mungu. Wana kipimo chao na sisi tuna chetu." Kijana wetu alisikia hayo kila usiku.

Tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, tulipumzika tukaenda Thika. Watoto wa shule waliimba na kucheza ngoma, Bwana D.O. akasoma hotuba ya Rais Mzee Jomo Kenyatta, na tukasherehekea kwamba miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu tupate uhuru. Tulirudi na furaha, tukaanza kupanga sikukuu ya pili. Mtoto mchanga angebatizwa siku ya Krismasi, ambayo mwaka huo iliangukia Jumapili. Na kesho yake tungemtembeza kijana wetu kwenye maporomoko ya mto Athi, yale yaitwayo Fourteen Falls, yaani maporomoko kumi na manne. Tulikuwa tumemwahidi tangu mwezi wa Agosti.

Jumamosi tarehe 24 tulisimama katika mstari wa malipo. Juma lile tulikuwa tumepima madebe 31. Tulipopewa kadi, kijana wetu, aliyekuwa mwepesi wa kusoma kila kitu kilichoandikwa, aliitazama akasema, "Baba, hii si moja. Hii ni saba." Kweli, karani alikuwa ameandika 37. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na mkono wake ulikuwa umechoka.

Tulitazamana. Hatukusema neno. Mmoja wetu alimshika mtoto bega, akamwambia, "Nyamaza, twende." Tukalipwa madebe 37.

Njiani tulijitetea. Tulisema hiyo ndiyo fidia ya vichuguu vyote vya msimu. Tulisema tajiri hataona upungufu wa madebe sita katika gunia zake mia. Mmoja wetu hata alisema kwamba Mungu ameona ubatizo unakuja na mfuko ni mwepesi. Ndugu msikilizaji, jihadhari sana unapomwona Mungu anakubaliana nawe upesi namna hiyo.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa. Mchungaji alitwaa mtoto wetu, akatuuliza mbele ya ushirika kama tutamlea katika njia ya Bwana kwa maneno yetu na kwa mfano wetu. Tukaitika kwa sauti kubwa. Kijana wetu alisimama kati yetu akiwa amevaa shati jipya. Shati hilo lilinunuliwa jana yake jioni, na ninyi mmekwisha kujua lilinunuliwa kwa fedha gani.

Kesho yake tukasafiri. Tulipanda basi mpaka Thika, tukapata gari jingine kwa barabara ya Garissa, tukapita mashamba ya mananasi yaliyopangwa safu kwa safu mpaka macho yakachoka, mlima wa Kilima Mbogo ukiwa mbele yetu. Tulipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa kwa sababu ya mvua, maji yakiwa ya rangi ya udongo na mvuke wake ukitulowesha nyuso. Tukatandika kanga, tukatoa chapati, tukanunua soda.

Kijana wetu alikwenda ukingoni akaanza kuhesabu. Alihesabu mara ya kwanza, akahesabu tena. Akarudi na uso wa mashaka. "Baba," alisema, "ni tisa tu." Tukamweleza kwamba maji yakiwa mengi, maporomoko mengine huungana, na wakati wa kiangazi huonekana yote mbalimbali. Akafikiri, kisha akauliza pasipo ubaya wowote, "Au aliyeandika kumi na nne aliandika kama yule karani, na watu wakanyamaza?"

Wapendwa, chapati ilitushinda kumeza.

Mtoto hakuwa akitushtaki. Alikuwa akijifunza. Alikuwa amejifunza kwamba hesabu ikikosewa na kutuumiza sisi, hiyo ni dhambi ya kuzungumzwa usiku kucha. Na hesabu ikikosewa na kutufaidi, huo ni wakati wa kunyamaza. Alikuwa amejifunza hayo kwa wazazi waliobatiza mtoto jana yake.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anawaagiza watu wake wasiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, wala wasiwe na pishi mbili nyumbani. Tulikuwa tumezoea kulisikia somo hili kama karipio kwa wenye maduka. Lakini tazameni, Neno linaitaja nyumba. Linajua kwamba pishi ya pili huwekwa nyumbani kwanza. Pishi kubwa tunaitumia tukipokea, pishi ndogo tukitoa. Pishi moja ni ya makosa ya jirani, na ya pili ni ya makosa yetu. Sisi tulimlaumu nyapara kwa kichuguu chake, kumbe tulikuwa na kichuguu chetu tumekifunika kwa shati jipya.

Jumanne asubuhi tulikwenda kwa karani. Hatukwenda kama mashujaa. Tulitembea polepole, tukitumaini hayupo. Alikuwapo. Tulipomwambia, alikaa kimya, kisha akaketi juu ya debe lililopinduliwa. Alikuwa kijana, hajaoa bado. Akatuambia kwamba jioni ile ya Jumamosi daftari lake halikulingana na kahawa iliyopokewa kiwandani, na alikuwa ameambiwa upungufu wote utakatwa katika mshahara wake. Alikuwa amekaa Krismasi nzima akipiga hesabu peke yake. Sisi tulidhani tumemwibia tajiri asiyeona, kumbe tulikuwa tumeutia mkono mfukoni mwa kijana maskini kama sisi.

Fedha tulikuwa tumekwisha kuzila. Tukakubaliana naye mbele ya msimamizi kwamba tutachuma madebe sita yasiyoandikwa. Tulimaliza siku ya pili. Wenzetu wengine walitucheka, wakasema hao ni walokole wasiojua dunia. Mwaka mpya uliingia tukiwa na deni la kodi ya chumba. Hatutawaambia kwamba Mungu alitulipa mara mia, kwa maana haikuwa hivyo. Hata kichuguu hakikuondolewa. Debe liliendelea kujazwa kama zamani.

Lakini jambo moja lilibadilika. Mwezi wa Januari wachumaji walipokutana kumwendea msimamizi juu ya kichuguu, tulisimama pamoja nao, na kwa mara ya kwanza tulisema bila kuona haya. Kwa maana kilio cha mfanyakazi ni kilio cha haki. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na sauti ya wavunaji humfikia Bwana. Wewe mwenye kuandika watu kazi, usilifunge sikio lako. Ila sisi tunaolia na tulie kwa vinywa safi, tukiwa na kipimo kile kile cha kuwapimia wengine na kujipimia wenyewe.

Zakayo alipomkaribisha Yesu nyumbani mwake, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 19, alisimama, akatoa ahadi ya kurudisha. Alisimama karamu ikiwa nyumbani mwake. Na Bwana akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Hakusema umefika kwa mtu mmoja tu. Nyumba nzima hupata faida baba na mama wanapotubu mbele ya watoto wao.

Huenda wewe unayetusikiliza unajiandaa kwa sikukuu. Watembeze watoto, wavalishe, washe moto, mwite jirani aje ale. Mungu alipowaamuru Waisraeli kufurahi baada ya mavuno, alitaka mtumwa, mgeni, yatima na mjane wafurahi pamoja nao. Furaha si dhambi. Lakini kabla hujaketi mezani, jiulize: chakula hiki kimepimwa kwa pishi gani? Kama yuko mtu anayepiga hesabu peke yake usiku kwa ajili yako, mwendee kabla ya sikukuu. Na kama sikukuu imekwisha kupita, kama ilivyokuwa kwetu, mwendee Jumanne.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayepima mioyo, tunaomba utusamehe pishi zetu mbili. Tupe ujasiri wa kurudisha kilicho cha wenzetu. Wape wachumaji na vibarua wote ujira wa haki. Walinde watoto wetu, wanaosoma maisha yetu kuliko wanavyosoma vitabu, na uwape kuona ndani yetu kipimo kimoja tu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.