Ngitili Inapumua: Tuipime

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kharumwa)



Juzi mzee mmoja alituuliza darasani: "Tunasikia kuna watu wananunua hewa ya msitu. Hewa inapimwa kwa debe gani?" Watu walicheka. Lakini swali lile ni la maana, tena ni la fedha. Asiyejua kusoma mizani hawezi kujua kama pamba yake imepunjwa. Na hewa ni vivyo hivyo.

Tuanze na jani. Mchana, jua likiwaka, jani huvuta hewa ukaa. Hewa hiyo ndiyo tunayoitoa puani, na ndiyo inayotoka kuni zinapoungua. Jani huitumia pamoja na maji kutengeneza chakula cha mti. Chakula kingine hugeuka kuwa shina, matawi na mizizi. Usiku jani halitengenezi chakula. Mti unapumua tu kama sisi, na hewa ukaa inatoka. Udongo nao unatoa, maana vijidudu visivyoonekana kwa macho vinakula majani yaliyooza. Kwa hiyo ngitili ni kama duka: kuna kinachoingia na kinachotoka. Mwenye duka akiandika mapato tu, atajidanganya.

Kwa nini dunia inajali? Mwaka 1958 mtaalamu Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 315. Leo zimepita 420. Hewa hiyo hushika joto.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sana sisi wa nchi ya kiangazi. Udongo ukikauka, vijidudu hulala. Mvua ya kwanza ikinyesha, huamka kwa pamoja, na hewa ukaa hutoka kwa wingi kwa siku chache. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mtaalamu aitwaye Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, Kenya, aliandika habari zake mwaka 1958, na mpaka leo wataalamu wanaliita kwa jina lake. Basi mtu akija kupima wiki hiyo moja tu, atasema ngitili yetu inatoa hewa ukaa na wala haihifadhi. Akija majani yakiwa mabichi, ataisifu kupita kiasi. Wote wawili wamekosea. Kipimo cha haki ni cha mwaka mzima, tena miaka kadhaa.

Huko Kapiti, Kenya, kwenye shamba la taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, wamesimamisha mlingoti wenye vyombo. Chombo kimoja hupima upepo unaopanda na kushuka, mara kumi au zaidi kila sekunde. Kingine hupima hewa ukaa iliyomo katika upepo huo. Upepo unaoshuka ukiwa na hewa ukaa nyingi kuliko unaopanda, basi mbuga imebakiza. Ni kazi nzuri, lakini vyombo vile ni ghali na vinataka fundi. Kijiji hakiviwezi.

Kijiji kinaweza futi kamba. Zungusha futi kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Tuseme umepata sentimeta 63. Gawanya kwa 3.14. Upana wa shina ni kama sentimeta 20. Wataalamu wana majedwali yanayoonyesha mti wa upana huo una uzito gani. Tuseme jedwali limekupa kilo 100 za mti mkavu. Karibu nusu, yaani kilo 50, ni kaboni. Kila kilo ya kaboni ilitokana na hewa ukaa kilo 3.67. Zidisha: 50 mara 3.67 ni 183.5. Mti mmoja! Debe lako hilo, mzee.

Majirani zetu wa Shinyanga wameshapita njia hii. Wakoloni walifyeka misitu yao ili kuua mbung'o, halafu mashamba ya pamba yakaongezeka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Haikuleta kitu kigeni. Ilirudia ngitili za wazee, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate kula kiangazi. Hekta zaidi ya 300,000 zilirudi. Baadaye shirika la TaTEDO liliwafundisha wanakijiji wa huko kupima miti yao wenyewe.

Huku kwetu miti inaishia kwenye maduara ya dhahabu. Matimba ya kuzuia udongo yanakatwa ngitilini, na mkaa vilevile. Timba likioza shimoni, au mkaa ukiungua jikoni, zile kilo 183 zinarudi angani. Hatuwakatazi wachimbaji, ni watoto wetu. Duara bila matimba linaua. Lakini kila mti unaokatwa uandikwe daftarini, na unene wake. Siku mtu akileta mkataba wa hewa, tutafungua daftari letu na kumwuliza: wewe ulipima lini, miti mingapi, na nani alishika futi kamba?

Jumamosi asubuhi tunaanza na migunga iliyo nyuma ya darasa. Asiye na futi kamba alete kamba ya katani. Tutaipima kwa rula.