Benchi la Nje ya Chumba cha Picha



Mwanafizikia Röntgen alipogundua eksirei pale Würzburg, Novemba 8, 1895, alikataa kuufanya ugunduzi ule kuwa milki yake, akauacha wazi kwa walimwengu wote. Na tangu hapo elimu ya mionzi imezidi kuharakisha kazi yake, hata leo mfupa wa mkono hupigwa picha kwa muda usiotimia sekunde moja. Basi ni nini kinachoimeza siku nzima ya mgonjwa?

Nilipata kumsindikiza mama yangu mzazi, aliyeshukiwa kuwa na vijiwe vya nyongo, kwenda kupigwa picha ya ultrasound katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Tulifika alfajiri, tukaketi benchini hadi adhuhuri. Alipoitwa ndipo akaulizwa kama amekula, akajibu kwa unyofu kwamba alikunywa chai na kipande cha mkate, naye akarudishwa hadi kesho yake, kwa kuwa mfuko wa nyongo wa mtu aliyekula hunywea, vijiwe vikawa vigumu kuonekana. Mtaalamu hakukosea hata kidogo. Ila neno moja la jana yake, kwamba asile kitu tangu usiku, lingalimwondolea taabu yote, na nafasi ile angaliipata mwingine. Ndivyo alivyo pia mwanamke aliyeambiwa anywe maji kibofu kijae, kisha akasahauliwa katika foleni hata ikamlazimu kwenda msalani na kuanza upya. Na yule aliyefikishwa mlangoni mwa chumba cha CT, ilhali majibu ya kipimo cha figo, yanayongojwa kabla hajadungwa dawa ya kung'arisha picha, yangali maabara. Mashine imekaa bure, na benchi limejaa.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kwa hesabu kanuni iliyo dhahiri kwa kila aliyewahi kungoja: wakija wagonjwa 8 kila saa, na kila mmoja akakaa kwa wastani saa 3, watakuwapo kwa wastani watu 24, uongeze viti usiongeze. Benchi litapungua saa hizo zikipungua. Mashine mpya ni neema, wala siibezi. Lakini aghalabu saa hizo hupotelea kwenye dirisha la malipo, au katika fomu isiyotiwa sahihi, au katika picha iliyokwisha kupigwa ikakosa wa kuisoma.

Basi nawaomba, enyi wahitimu wa fani ya mionzi, kabla hamjaizoea kazi, chagueni siku moja mvue koti jeupe, mwandamane na mgonjwa mmoja, kwa idhini yake, tangu anapokabidhiwa fomu na daktari hadi majibu yanapomfikia, mkiandika saa ya kila kituo. Kisha karatasi hiyo mpelekeeni mkuu wa idara.